Rukia Amesimama

Usiku ule wa kuamkia arobaini ya Rukia nililazwa chumbani kwake, kwa sababu vyumba vingine vyote vilijaa wageni wa hitma. Mama yake, Bi Mwanaisha, alinitandikia shuka mwenyewe, akanifungia chandarua, kisha akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau jambo.

"Kesho yule meneja wa shamba atakuja," alisema.

"Najua, mama."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia hakivunjwi."

"Mwambie mwanangu hakujaaliwa mtoto. Kile ndicho alichoacha." Akazima taa, akaenda kulala.

Tulichokuwa tukikizungumzia ni chombo cha angani. Kiko ndani ya jumba la mashine la kiwanda cha zamani cha mkonge, nje kidogo ya Muheza, na Rukia ndiye aliyekijenga kwa ajili ya filamu yetu ya mwisho. Yeye alikuwa msanifu wa mandhari. Filamu ikihitaji mji wa karne ijayo, mwezi, sayari isiyo na maji au chombo cha kuvukia nyota, yeye ndiye aliyeamua kuta ziweje, taa itoke wapi, mlango ufunguke vipi. Mimi ni mtunza mwendelezo. Kazi yangu ni kukaa pembeni na kutazama, ili kikombe kilichoshikwa kwa mkono wa kushoto kabla ya chakula cha mchana kisije kikahamia mkono wa kulia baada ya chakula. Tulianza kazi hii pamoja tukiwa wasichana, na kila alipojenga yeye, mimi nilikuwepo kutazama.

Na katika kazi hii, kilichojengwa hakikai. Picha zikishapigwa, seti inavunjwa, jumba linarudishwa kwa mwenyewe. Rukia alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wote waliiheshimu: skrubu ya kwanza aliifungua yeye. Kabla hajaigusa, hakuna aliyenyanyua nyundo. Safari hii tulipiga picha ya mwisho, akasema kifua kinambana, akaenda kwa mama yake kupumzika, na hakurudi. Mafundi walisubiri, kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kugusa kitu. Ufunguo ukabaki kwangu. Meneja alitaka jumba lake, mimi nikakataa, na Bi Mwanaisha akawa upande wangu. Seti zote nyingine za Rukia zilikwishakuwa vumbi na mbao za kuchomea. Hii moja, niliapa, itabaki.

Nikalala na kiapo hicho.

Mwanzoni niliona mgongo wake tu. Alikuwa anatembea mbele yangu katika ujia mrefu mweupe, brashi ameichomeka kwenye nywele juu ya sikio, ovaroli imejaa matone ya rangi, na kanga ameifunga kiunoni. Kanga ilikuwa ya buluu. Nikamwita, hakugeuka. Nikaharakisha. Tulipopita chini ya taa kanga ikawa nyekundu, na mimi, hata katika ndoto, nikashtuka kama ninavyoshtuka kazini. Nilitaka kupaza sauti, simamisheni, kanga imebadilika, turudie. Hakukuwa na wa kumwambia. Hakukuwa na kamera.

"Kanga yako, Rukia," nilisema.

"Iache," alisema bila kugeuka. "Leo haifuatani."

Ujia ule niliutambua. Ulikuwa wa filamu yetu ya kwanza kabisa, ile ya roketi, na kuta zake zilikuwa shuka za hospitali zilizopakwa chokaa na kuvutwa juu ya miti. Nilinyoosha mkono, nikahisi shuka linapumua. Mwisho wa ujia palikuwa na tangi la maji la plastiki, jeusi, refu, limelazwa ubavu. Hiyo ndiyo ilikuwa roketi. Ndani yake alikaa mwigizaji mmoja mnene, akalia kweli kwa joto, na mwongozaji akafurahi akisema machozi yale hayanunuliki. Rukia alikuwa hata hajaanza kuitwa msanifu. Alikuwa msichana anayechora vibao vya saluni barabara ya soko, vichwa vya wanawake vyenye misuko, na mwongozaji alimfuata kwa sababu alisikia yuko msichana anayeweza kufanya bati lionekane dhahabu.

Ninapoinama kuchungulia ndani ya tangi, tupo tayari machimboni. Hakuna safari. Machimbo ya chokaa yamezagaa mbele yetu meupe, na jua linachoma, na huu ni mwezi. Rukia anafagia mwezi. Ana fagio la chelewa mkononi, anafuta nyayo za mafundi kwa kurudi kinyumenyume, taratibu, kama mama anayefagia uwanja usiku wa kuamkia sikukuu, na kila unyayo unapofutika ninasikia mtu akicheka mbali. Siku ile, siku ya kweli, tulicheka sana. Mbuzi wa mtu alikatiza katikati ya picha, mwongozaji akapiga kelele, "Ni nani amemleta mbuzi mwezini?" na Rukia akajibu, "Muulize kwanza yeye, pengine ni mwenyeji." Katika ndoto mbuzi hapiti. Namngojea, hapiti. Rukia anafagia hadi anafika nilipo, ananitazama kwa mara ya kwanza, na ninauona uso wake.

Ulikuwa uso wake wa kawaida. Hilo ndilo lililonivunja. Kidoa cha rangi ya kijivu kilikuwa shavuni palepale nilipokiona siku ya mwisho, nikamwambia jifute, akasema nitajifuta nikifika nyumbani. Hakuwa amejifuta.

"Umechoka," nilimwambia.

Alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo.

Nyuma yake palianza kutokea majumba yaliyobomoka. Niliyafahamu pia. Hiyo ilikuwa miaka ya wageni, walipokuwa wakija na kamera kubwa kutengeneza filamu za dunia iliyokwisha, na kila mmoja alimtaka Rukia amtengenezee maangamizi. Alipaka masizi kwenye kuta nzima. Alivunja madirisha mazima kwa mpangilio. Alijua kuozesha ukuta kwa chai ya rangi, siki na mchanga hata mtu akapita akaziba pua. Walimlipa vizuri, wakamsifu, wakampeleka kwao kufundisha wengine, akarudi. Jioni moja tukila mihogo ya kukaanga aliniambia, "Shoga yangu, nimewajengea watu mwisho wa dunia mpaka nimeumaliza. Lini mtu atanijia na mwanzo?" Katika ndoto hakuyasema maneno hayo. Alipita tu kati ya magofu yake akigusa kuta kwa ncha za vidole, na kila alipogusa ukuta ulianguka bila kishindo, kama unga unaoteleza kwenye ungo. Yote yalianguka. Hakuhuzunika. Alipita kama mtu anayepita katika nyumba alizokwisha kuhama.

Halafu ukabaki mlango mmoja, nao haukuanguka. Ulikuwa mlango wa jumba la mkonge, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Nilifungua.

Chombo kilikuwa kinawaka ndani. Taa zote zilikuwa zimewashwa, zile ndogondogo za kijani alizozifunga nyuma ya machujio ya chai, na sauti ya mtambo ilikuwa inavuma chini ya miguu, ingawa nafahamu kwamba mtambo ule ulikuwa feni ya mezani ndani ya pipa. Kilikuwa kizuri kuliko nilivyokumbuka. Mwongozaji alipokuja na hadithi hii, ya watu wa pwani wanaosafiri kizazi baada ya kizazi kuelekea nyota ambayo watakaoifikia ni wajukuu, Rukia aliisoma mara moja akauliza swali moja.

"Watafua wapi?"

"Nani?"

"Hawa watu wako. Wazaliwe humo, waolewe humo, wazae humo. Nguo wataanika wapi?"

"Rukia, hiki ni chombo cha angani. Kuna teknolojia."

"Teknolojia haivai chupi. Nioneshe kamba."

Mwongozaji alikasirika, akanuna siku nzima, kisha akakubali. Kwa hiyo katikati ya chumba cha kuongozea chombo, juu ya mitambo, kulipita kamba ya nguo yenye vibanio, na mlangoni palikuwa na safu ya kandambili, kubwa na ndogo, na ndoo ya maji yenye kata. Watu walioalikwa kututazama tukipiga picha ya kwanza walicheka walipoiona ile kamba. Kisha kicheko kikakatika, mama mmoja mbele yangu akashika mdomo. Hapo nilijua Rukia amepata mwanzo wake.

Sasa yuko katikati ya chumba hicho, na anatafuta pa kukaa.

Alikwenda kwanza kwenye kiti cha nahodha. Ni kiti cha kinyozi, kile kizito cha chuma kinachopanda na kushuka, amekipaka rangi ya fedha na kukifunga waya za simu mgongoni. Akakishika mikono, akageuka, akaanza kuketi. Kabla hajafika, nikamwona Mbwana kinyozi amesimama kando ya kiti, mkasi mkononi, na mbele yake mteja amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Inamisha kichwa, bwana," Mbwana anamwambia mteja.

"Nikiinamisha naanguka. Ndoo yenyewe inateleza."

"Basi usiinamishe. Nitakunyoa upande mmoja, upande wa pili tumwachie Mungu."

"Kiti chako kiko wapi siku hizi?"

"Kimekwenda angani."

"Kitarudi?"

Mbwana aligeuza uso. Aliona haya. Nilimwona kabisa jinsi alivyoona haya, alivyopuliza nywele kwenye mkasi ili asijibu. Rukia naye alimwona. Akajiinua, akakiachia kiti.

"Samahani, kaka," alisema. Mbwana hakusikia.

Akaenda kwenye kigoda kilicho mbele ya usukani. Usukani wenyewe ni kikaango cha chapati, kile cha chuma cha duara, kimetobolewa katikati. Kikaango na kigoda vyote ni vya Mama Nasra, anayepika pale njia panda. Rukia alipoinama tu, Mama Nasra akawa ameshatokea amechutama mbele ya jiko, anageuza chapati ndani ya sufuria ya wali.

"Tazama hii," anamwambia binti yake. "Hii chapati au ramani ya Afrika?"

"Si uende ukachukue kikaango chako?"

"Nikachukue wapi? Kwa Bi Mwanaisha? Nimwambie, pole kwa msiba, mwanao kaondoka na kikaango changu?"

"Lakini ni chako."

"Changu, ndiyo. Nyamaza ule."

Rukia akasimama tena. Nilisikia magoti yake yakilia.

Kulikuwa na kitanda cha wasafiri ukutani, cha kamba, amekitundika kwa minyororo. Alikwenda huko polepole, kama mgonjwa anayejua hatapewa kitanda. Sikumwona mtu safari hii. Nilisikia tu kikohozi cha Bi Kidawa, yule jirani wa ukuta mmoja, mwenye mgongo mbovu, na mkwaruzo wa mtu anayejigeuza juu ya mkeka akitafuta ubavu usiouma. Rukia aliweka kiganja juu ya kamba za kitanda, akakiondoa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwenye kandambili, natazama kila kitu, kama kawaida yangu. Na sasa chombo kilikuwa kinabadilika machoni pangu. Hakikuwa tena na kuta. Kila nilipotupa jicho niliona mtu. Ringi za baiskeli zilizokuwa dira zilikuwa za fundi anayeziba pancha kwa mkopo. Kengele ya hatari ilikuwa ya chuo cha Kurani cha watoto. Mifuniko, chekeche, pasi za mkaa, kioo cha ndani cha kabati la bibi harusi. Niliyajua haya. Nilikuwepo Rukia alipokuwa anazunguka mitaa na mkokoteni, akigonga milango, akisema hodi, na watu wakimpa kwa vicheko. "Chukua, mwanangu, lakini unirudishie kabla ya mwezi wa Ramadhani." Filamu yetu haikuwa na wafadhili. Chombo kizima kilikuwa cha kuazima.

Hatimaye aliamua kukaa chini. Alikunja kanga, sasa ilikuwa nyeupe, akapiga goti, akaweka mkono sakafuni. Sakafu ya chombo ni mikeka, ameipaka rangi ya chuma hata ukiitazama unasema ni bati. Mkono wake ukabaki palepale.

Bi Mwanaisha alikuwa ameingia. Alikuwa hai, na sisi tulikuwa katika ndoto, wala hakutuona. Alikuwa anakwenda nyumba ya tatu kuazima mikeka ya wageni wa hitma. Nilikuwa nimemwona jioni ile kwa macho yangu, akirudi na mikeka ya watu begani, na sikujiuliza ya kwake imekwenda wapi. Alipita katikati ya chombo, akapita karibu kabisa na binti yake, karibu hata kumgusa, na Rukia akanyanyua uso kumtazama.

"Mama," alisema.

Mama akapita.

Rukia akasimama. Alisimama kwa shida sana, akishika hewa, na alipokuwa wima aliniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu mmoja tu duniani:

"Kila ninapoketi, shoga, pana mwenyewe."

Nilitaka kumkimbilia. Kabla sijapiga hatua tukawa uani kwao, siku ile ya maziko, na jeneza liko tayari kutoka. Wanawake tumejaa barazani, kanga vichwani. Ami yake amesimama mbele, anatangaza kama inavyotangazwa kwa kila maiti, kwamba kama yuko anayemdai marehemu, au mwenye amana yake kwa marehemu, ajitokeze kwa familia ili marehemu aende akiwa mwepesi.

Kimya.

Siku ile kimya hicho kilinifurahisha. Nilikaa na wanawake wale nikijisemea, tazama, shoga yangu hakudaiwa na mtu. Sasa, katika ndoto, nilikuwa nakiona kimya hicho kwa upande wa pili. Rukia alikuwa amesimama nyuma ya umati, nyuma ya Mbwana, nyuma ya fundi baiskeli, karibu na Mama Nasra, na alikuwa anawaomba. Semeni. Sema, Mbwana. Mama Nasra, sema, ni kikaango tu, sema. Aliwagusa mabega mmoja mmoja. Mama Nasra alifungua mdomo, akamtazama Bi Mwanaisha aliyekuwa ameshikiliwa na watu wawili, akaufunga. Nani atasimama msibani kudai kikaango? Waliinamisha vichwa kwa heshima. Kwa heshima hiyo jeneza likainuliwa, likatoka, na Rukia akabaki uani amesimama.

Nilianza kulia. Nililia kama sikulia siku ile.

Tulikuwa tena ndani ya chombo. Alikuwa mbele ya ukuta wa kwanza, ule wenye skrubu kubwa ya shaba kwenye pembe, ile aliyozoea kuanza nayo. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Akaipeleka kwenye skrubu, ikapita. Akajaribu tena. Mkono wake uliingia ukutani ukatoka, kama mtu anayechota moshi.

Aligeuka akanitazama.

"Hapana," nilisema. Nilijua anachotaka. "Rukia, hapana. Kila ulichojenga kimevunjwa. Roketi imevunjwa, mwezi wamechimba chokaa wakauza. Hakuna kitu. Mtu akiniuliza ulifanya nini duniani nitamwonesha nini? Hiki ndicho kimebaki."

"Kimebaki kwa nani?"

Niliitazama kamba ya nguo juu yetu.

"Nimempa mama yako ahadi," nilisema baadaye. "Anasema hiki ndicho mtoto wako."

Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Kisha uso ukarudi kwenye uchovu.

"Mtoto gani huyu, aliyevaa nguo za watu?"

"Lakini umevipaka rangi. Kikaango kina tundu. Mikeka imekuwa chuma. Haviwezi kuwa vile vilivyokuwa."

"Sikusema viwe vilivyokuwa. Nasema virudi."

Akanipa bisibisi. Haikuwa na uzito, lakini nilipoishika ikawa na uzito. Nikasogea kwenye ukuta. Alisimama nyuma yangu, karibu, nikasikia harufu yake, turpentaini na mafuta ya nazi, na sikutaka kugeuza skrubu ile kwa sababu nilijua kwamba itakapogeuka, hatakuwepo. Nilijua, kama unavyojua mambo katika ndoto bila ya kuambiwa. Maadamu chombo kimesimama naye amesimama, na ningeweza kuja na ufunguo wangu wakati wowote nikamkuta humu. Amechoka, lakini yupo. Nilifikiri hivyo. Nilitaka hivyo. Nikasimama na bisibisi kwenye skrubu, sigeuzi, nikitamani tukae hivyo siku zote, mimi mbele na yeye nyuma yangu.

Hakunihimiza. Alingoja. Nilisikia tu anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kama wanavyofanya wanawake waliosimama foleni ya hospitali tangu asubuhi, na kila alipohamisha alivuta pumzi. Mguu huu. Mguu ule. Nilivumilia kuisikia sauti hiyo mpaka nikashindwa.

Nikageuza.

Skrubu ililia, ikazunguka, ikaanguka kwenye kiganja changu ikiwa na joto. Ukuta wa kwanza ukalegea. Nyuma yake hapakuwa na anga wala nyota, palikuwa na jumba la mkonge na mchana mweupe ukiingia kwenye nyufa za bati. Nilisikia taa za kijani zikizimika moja baada ya nyingine. Feni ndani ya pipa ikapunguza mwendo.

"Kwa mama utamwambia wewe," alisema. Sauti ilikuwa mbali kidogo kuliko mwanzo. "Mimi amenipita."

"Nimwambie nini?"

Akaniambia.

Niligeuka upesi ili nimwone anavyosema. Nilimwona akikanyaga zile kandambili mlangoni, akichagua jozi yake kwa mguu, kama mtu anayetoka nyumba ya watu baada ya shughuli. Kidoa cha kijivu bado kilikuwa shavuni. Nikanyoosha mkono nimfute, na mkono wangu ukagusa chandarua.

Palikuwa pamekwishakucha. Mto ulikuwa umelowa, na kiganja changu cha kulia kilikuwa kimefumba kwa nguvu, kitupu. Nje nilisikia mchele ukipepetwa. Nikajifunga kanga, nikatoka uani.

Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, ungo mapajani, wanawake wengine wakiwa bado hawajaamka. Kando yake mikeka ya kuazima ilikuwa imeviringishwa, ikingoja kutandikwa. Aliutazama uso wangu mara moja, akarudisha macho kwenye mchele.

"Umemwota."

"Ndiyo, mama."

"Mimi hanijii. Kila usiku namwomba aje." Aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Yukoje?"

"Yuleyule. Ana rangi shavuni."

Alitabasamu, kisha akaibana midomo. Nilichutama mbele yake. Nilitaka kuanza mbali, nimweleze kwanza roketi na mwezi na magofu, nimpelekee polepole kama habari za msiba zinavyopelekwa. Nikaona kwamba nikianza mbali sitafika.

"Amenituma kwako," nilisema.

"Amesema nini?"

"Amesema amechoka kusimama."

Ungo ukatulia.

"Kusimama wapi?"

"Ndani ya kile chombo, mama. Kila kitu mle ni cha watu. Kiti cha Mbwana, kikaango cha Mama Nasra, kitanda cha Bi Kidawa. Mikeka yako wewe. Hawakusema siku ile kwa kukuonea haya. Hana pa kukaa."

Jogoo wa jirani aliwika, mtoto akaanza kulia ndani na kubembelezwa. Nilidhani atanikumbusha ahadi yangu. Nilikuwa tayari kukumbushwa, pengine nilikuwa natumaini.

"Amesimama tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile aliyotoka hapa."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Bi Mwanaisha aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akashika bega langu, akajiinua.

"Lete huo ufunguo," alisema. "Mchele utapepetwa na wengine. Twende tukamkalishe mwanangu."